Kisigino Badala ya Goti

Nimewahi kumshinda Mdachi katika mapatano mara moja tu, na mpaka leo natamani siku ile angenishinda yeye.

Watu nikiwaambia hivyo hudhani nasema habari za mbuzi. Mbuzi ndio waliotufikisha pale, ni kweli. Lakini kitu tulichokuwa tukikipatania ulikuwa mguu wa kushoto wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na yule niliyemchukulia kuwa muuzaji alikuwa daktari.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nimeoa Ugogo, Nzuguni. Miaka ile ya Wadachi, yaani Wajerumani, reli ilikuwa inatambaa kutoka pwani kuja Dodoma, na wajenzi wake walikuwa wengi na walikula nyama kama watu wanaolipiza kisasi. Mimi na shemeji tulizunguka vijijini tukikusanya mbuzi, kisha tunawaswaga mpaka kambini. Kazi tuligawana: mimi mdomo, yeye miguu. Mimi natangulia, nasalimia, nasifu, nadharau, naondoka, naitwa, narudi, tunakubaliana. Yeye yuko nyuma ya kundi na fimbo yake mabegani, hasemi kitu tangu asubuhi mpaka tunafika. Jioni nawahesabu mbuzi mara mbili, mara ya kwanza kuanzia nyuma, mara ya pili kuanzia mbele, kwa sababu hesabu ya kwanza ni ya kujifurahisha tu, na ya pili karibu kila siku hupungua. Shemeji hakuhesabu hata siku moja. Aliwatupia jicho, akasema, "Yule beberu mwenye sikio lililochanika hayupo," na kweli hayupo, na mimi ndiyo kwanza nimefika thelathini na mbili.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua za mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Baba yao alikuwa na zizi kubwa upande wa Bahi, alikokaa kwa mke wake mdogo, na shemeji ndiye mtoto wake wa kiume pekee. Ng'ombe wale walikuwa wakimngoja yeye. Kwa hiyo miguu ile haikuwa ya kuswagia mbuzi wangu tu. Mbuzi ilikuwa kazi ya ujana, ng'ombe ndio maisha.

Wakati ule funza alikuwa bado mgeni katika nchi yetu. Utotoni kwangu hatukumjua. Alitoka magharibi katika nyayo za wapagazi, akaingia kila nyumba bila kupiga hodi. Ikawa desturi kwamba jua likianza kulegea, watu wanakaa mbele ya tembe, huyu mguu wake uko mapajani kwa yule, wanachokoana. Ukiona doa jeusi unyayoni, ni funza. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Mke wangu alikuwa na sindano ya kushonea magunia, aliinoa kwenye jiwe, na kwa sindano ile hapakuwa na mtu Nzuguni wa kumfikia. Anaizungusha ngozi taratibu mpaka ule mfuko wa mayai unatoka mzima, mweupe, haujapasuka, kisha anauweka kwenye kaa la moto unalia pwaa, na wote tunaridhika.

Doa la shemeji lilikuwa pembeni mwa kisigino cha kushoto, dogo kama punje ya uwele. Mke wangu akachokoa. Mfuko haukutoka. Ilitoka damu kidogo, nyeusi, akasema huyu amefia ndani, akapaka maji ya tumbaku, pakafunga. Baada ya mwezi doa likarudi palepale. Akachokoa tena, safari hii ndani zaidi, na shemeji, ambaye kwa kawaida alikuwa hasemi, akamwuliza, "Dada, unatafuta funza au unalima? Ukipata karanga unigawie." Tukacheka. Likarudi. Mimi nilihesabu mara nne alizochokoa. Mke wangu anasema tano, maana mara moja nilikuwa Kondoa. Hesabu yake ndiyo sahihi.

Jambo lililotudanganya ni kwamba haliumi. Funza huwasha usiseme. Hili lilikaa kimya tu likapanuka, kutoka punje ya uwele likawa kama kunde, kutoka kunde likawa kama kifungo cha koti la askari, isipokuwa kifungo kina ukingo wa mviringo na hili lilikuwa na kingo kama ramani. Katikati jeusi, upande mmoja bluu, upande mwingine linaelekea wekundu. Kisha likapasuka, likawa linatoa maji, na kidonda hakikauki. Tukampeleka kwa mganga, akalichoma kwa chuma cha moto. Mganga yule alikuwa mtu mzuri na chuma chake kilikuwa cha moto kweli. Lilinyamaza mwezi mmoja. Liliporudi lilikuwa na wenzake wawili pembeni, wadogo, na shemeji akaanza kutembelea vidole vya mguu ule, kisigino kinaelea. Mbuzi wakaanza kumtangulia mno. Nikawa naitwa nirudi nyuma kuwasaka, mimi niliyekuwa mdomo.

Kambi ya reli wakati huo ilikuwa upande wa Buigiri, na pale palikuwa na hospitali ya mahema. Aliyetupokelea mbuzi wa hospitali alikuwa mfunga vidonda, mtu wa pwani, mwenye kofia safi kuliko kitu kingine chochote kambini. Siku hiyo hakutazama mbuzi. Alitazama nyayo za shemeji kwenye vumbi, mmoja mzima na mmoja wa vidole vitano bila kisigino, akamwambia akae amwone. Alipouinua ule mguu akaurudisha chini taratibu. Kisha akaniambia, "Ndugu yangu, mbuzi nitawahesabu mwenyewe. Mpeleke huyu kwa daktari sasa hivi."

Daktari alikuwa Mdachi mfupi, mikono ya shati imekunjwa, pua imebabuka kwa jua. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: njoo, kaa, lala, toa ulimi. Yaliyobaki yalipita kwa mfunga vidonda. Alikitazama kidonda kwa kioo cha kukuzia muda mrefu, kuliko mtu anavyoweza kutazama kidonda cha mtu mwingine. Akabonyeza nyuma ya goti. Akabonyeza kwenye kinena, kidole kimoja kimoja, kama anayetafuta sarafu iliyoshonewa kwenye upindo wa nguo. Hakupata kitu, nikaona amefurahi kidogo. Kisha akaweka ubavu wa kiganja chake chini kidogo ya goti la shemeji, akasema neno moja.

"Hapa," akafasiri mfunga vidonda. "Anakata hapa."

Shemeji hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Tulikuwa tumepita pamoja mahali pa simba na mahali pa askari, na sikuwahi kuona macho yake vile. Akaniambia kwa Kigogo, polepole, "Ng'ombe hawamngojei mtu wa mguu mmoja. Fanya kazi yako."

Basi nikafanya kazi yangu.

Nataka nieleweke. Katika biashara niliyokulia, neno la kwanza la muuzaji si bei, ni salamu. Mtu akitaja mbuzi wake, hataji anachokitaka. Anataja kile ambacho angekiota. Ukimpa kile alichotaja, hata yeye anakudharau. Daktari alisema goti, na mimi nikasikia salamu. Nikacheka, kama ninavyocheka kwa kila bei ya kwanza, nikamwambia mfunga vidonda amwulize bwana mkubwa: ugonjwa uko kisiginoni, goti limekosa nini?

Mfunga vidonda alisita, akafasiri. Jibu likarudi kwamba ugonjwa huu una mizizi, na mizizi hupanda. Nikasema vizuri, kitu chenye mizizi hufuatwa polepole, akate kisigino, na akiukuta mzizi aufuate mpaka unapoishia, asiukate mti wote kwa kuogopa mzizi mmoja. Daktari akasema goti. Nikampa kisigino na nyama kidogo ya juu yake. Akasema goti. Nikampa kisigino na upana wa kidole kila upande. Akavua miwani, akaifuta, akasema goti, na kwamba nje wanamngoja watu tisa waliolipuliwa na baruti.

Hapo nikatumia kitu ambacho hakijawahi kuniangusha. Nilimshika shemeji mkono, nikamwinua, nikasema tunamshukuru bwana daktari, tukatoka. Ukitoka hivyo hutakiwi kugeuka wala kupunguza mwendo. Muuzaji wa kweli hukuita kabla ya hatua ya kumi na tano. Asipokuita, ujue bei yake ilikuwa bei. Nilihesabu. Katika hatua ya kumi na moja mfunga vidonda akatuita.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni mwa hema. Alisema maneno mengi kwa mara moja, na mfunga vidonda akayaleta kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. "Anasema atakata kisigino, na upana wa kidole kila upande, kwa sababu mkienda hivi mtakuwa hamkukata hata hicho. Lakini anataka mjue kwamba yeye hauzi kitu. Goti si bei yake. Ni bei ya ugonjwa."

Niliposikia hivyo nilifurahi moyoni. Kila muuzaji niliyepata kumjua amesema bei si yake, ni ya tajiri wake, ni ya mama yake mgonjwa, ni ya Mungu.

Tukiwa tunangoja, mfunga vidonda akanivuta pembeni. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nimekaa na bwana huyu miaka mitatu. Hajui kupandisha bei."

"Basi leo amejifunza kushusha," nikamjibu.

Nakumbuka kwamba hakucheka. Nilidhani watu wa pwani hawana mzaha.

Walimlaza shemeji kwa dawa ya kunusa, wakakata. Tulikaa kambini mwezi na siku kadhaa. Mchana nilipata kuuza ngozi na chumvi, sikupata hasara. Kidonda kikakauka, kikaacha shimo mahali pa kisigino. Fundi viatu mmoja wa kambini akamshonea ndara nene yenye manyoya ya mbuzi ndani, nyuma imeinuliwa, na alipoivaa akasimama. Akatembea kutoka hema mpaka kwenye shina la mgunga, akarudi, akachukua fimbo yake, akaiweka mabegani. Mavuno yalipofika alikuwa nyuma ya mbuzi kama zamani, anachechemea kidogo tu upande wa kushoto. Mke wangu alimchinjia kuku wawili. Aliutazama ule mguu, akanitazama mimi, na mtazamo ule niliuweka kama watu wanavyoweka nguo ya sikukuu.

Sifa zangu zikaenea. Kila kambi tuliyofika walitaka kusikia habari ya mtu aliyempunguzia Mdachi kutoka goti mpaka kisigino. Niliwasimulia, na nilikuwa hodari. Niliweka ile miwani inayofutwa, niliweka hatua kumi na moja, nilisimama na kuondoka kabisa, mpaka wasikilizaji wanaanza kuniita nirudi. Shemeji alikaa pembeni anavuta ugoro. Wakimwuliza kama ni kweli, aliinua mguu akawaonyesha ndara. Wapagazi walijipiga mapaja. Mtu mmoja alisema wangenituma Ulaya nikapunguze kodi.

Mvua zikaja, tukapanda. Ni mke wangu aliyeona. Kaka yake alikuwa ananawa matope baada ya palizi, akamwambia hebu simama hivyohivyo. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto, chini ya ngozi, palikuwa na vipunje vyeusi, vigumu, kama shanga zilizoingia ndani. Nikavihesabu kutoka chini kwenda juu: saba. Nikavihesabu kutoka juu kurudi chini: tisa. Hesabu ya pili ya mbuzi hupungua. Hii iliongezeka.

Hakuna aliyesema funza. Mke wangu alikwenda ndani, akakaa muda, akatoka na maji ya tumbaku mkononi, kisha akayamwaga.

Baadaye ukatoka mtoki, kwenye kinena cha upande uleule, mkubwa kama yai la kanga, haubonyei. Shemeji akasema mtoki ni kawaida, mtu akiwa na kidonda mguuni lazima aote mtoki. Nikasema ndiyo, ni kawaida. Sote wawili tulijua kwamba kidonda kilikwisha kupona zamani. Kisha kikaja kikohozi. Kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kufunguliwa. Mbuzi hawakuzoea kusikia sauti kutoka kwake. Akikohoa wanaruka, wanatawanyika vichakani. Ilipofika wakati wa kuvuna hakuweza kwenda zizini na kurudi bila kupumzika. Nilimhesabia: kwenda mapumziko mawili, kurudi matatu, na njia ni ileile. Alikonda mpaka ndara ya kisigino ikawa inapwaya. Asubuhi moja alitema kitu chekundu chenye nyuzi nyeusi, akakifukia kwa kidole cha mguu, akadhani hatukuona.

Reli wakati huo ilikwisha fika Dodoma, na hospitali nayo ilikuwa imehamia karibu. Tulimbeba kwa machela ya ngozi ya ng'ombe, watu wanne. Njia yote mimi sikubeba kitu ila maneno. Niliyapanga, nikayapangua. Nilikuwa nimeamua kutoa goti. Nilifikiri, nitaanza na kifundo cha mguu, halafu nitaacha anivute mpaka gotini, ili aone ameshinda. Tulipokaribia nikabadili: hapana, nitatoa goti mara moja, bila kuzungusha. Sikuwahi katika maisha yangu kuingia kwa mtu na bei ya mwisho mdomoni.

Daktari alinikumbuka. Hakusema, lakini alinikumbuka. Alimkalisha shemeji, akaweka mipira ya kusikilizia mgongoni, hapa, hapa, hapa. Kisha akaanza kumgonga kwa ncha ya kidole, akishuka, kama mtu anayegonga kibuyu kujua maziwa yameishia wapi. Hata mimi nilisikia. Juu palikuwa na mwangwi. Chini ya bega la kulia mwangwi ulikatika, pakawa pazito kama ukuta. Akarudia upande ule tangu juu. Naye alihesabu mara mbili.

"Mwambie nimekubali goti," nikasema.

Mfunga vidonda alikuwa anatazama ardhi.

"Mwambie."

Akamwambia. Daktari akatikisa kichwa.

Nikadhani amepandisha, na kwa kweli nilipata nguvu, maana anayepandisha bado anauza. Nikasema basi paja. Daktari alikuwa anakunja mipira yake. Nikasema achukue mguu wote, auchukue kutoka kiunoni, shemeji atatengenezewa gongo, ng'ombe watachungwa na watu, yeye atakaa awatazame tu, ana jicho la kutazama kuliko mtu yeyote. Mfunga vidonda aliyafasiri yote, neno kwa neno, kwa heshima sana. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanawa mikono.

"Anasema hapana," akasema mfunga vidonda.

"Anataka nini?"

"Hataki kitu, ndugu yangu. Yale meusi yamefika mapafuni. Mguu sasa ni mguu tu."

Mimi nimechinja wanyama wengi. Nalijua pafu zima, jepesi, la rangi ya waridi, ukilibonyeza linarudi; na nimeona mapafu ya ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa, yamegandamana na mbavu, yamejaa mavimbe. Ndiyo maana sikuhitaji kufafanuliwa. Nilisimama pale nikitafuta kitu kingine cha kutoa. Siku ya kwanza nilikuwa nimeshika kila kitu na yeye anaomba. Sasa nilikuwa nampa kila kitu na yeye hapokei. Alitoa kichupa cha dawa ya kutuliza kikohozi na maumivu, akaeleza matone mangapi, akamwekea shemeji mkono begani, akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Shemeji alikuwa amesikia yote. Tulipomrudisha kwenye machela akaniuliza, kwa vipande, maana alikuwa akipata maneno matatu kwa pumzi moja:

"Ulipandisha mpaka kiunoni?"

"Ndiyo."

"Na hakununua."

"Hakununua, shemeji."

Alitaka kucheka, kikamjia kikohozi, tukasimama njiani mpaka kikaisha.

Siku zilizofuata hakuweza kulala chali. Tulimwekea gunia la pumba mgongoni akawa anakaa mlangoni mwa tembe, anatazama mbuzi wakitolewa. Nilikaa naye. Sikuwa na kazi nyingine, na sikuwa na hadithi nyingine, na ile moja niliyokuwa nayo haikusimuliwa tena nyumbani kwangu. Nilihesabu pumzi zake kwa muda ambao mke wangu alitumia kutwanga kinu kimoja. Sitaziandika. Kila siku zilikuwa nyingi zaidi na kila siku zilikuwa fupi.

Tukatuma habari Bahi. Baba mkwe akaja kwa miguu, mchana, na vumbi mpaka magotini. Alikuwa hajamwona mwanawe tangu kabla ya kisigino kukatwa. Alijua tu kwamba Mdachi alimkata, na kwamba alipona akaendelea na kazi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akamtazama mwanawe kwa muda. Hakuuliza anaendeleaje. Alikuwa mfugaji, alijua kutazama mbavu.

Kisha akasema kwamba njiani amekutana na mpagazi mmoja wa reli, wakazungumza, na yule mtu alipojua anakwenda Nzuguni akamsimulia kisa cha kuchekesha, cha daktari aliyetaka goti akakataliwa.

"Ni kweli alitaka goti?" akauliza.

Mke wangu alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Ni kweli, baba," nikasema.

"Nani alimkatalia?"

Sijawahi kukosa neno. Hata sasa nikiamshwa usingizini ninalo. Siku ile nilikuwa nayo mawili, moja la kweli na moja la kuzunguka, na nilikuwa napima lipi litangulie, kama ninavyopima siku zote, na kupima kule ndiko kulikonichelewesha.

"Mimi," akasema shemeji.

Akavuta pumzi.

"Mimi, baba. Nilikataa mimi."

Akavuta nyingine. Ilikuwa na sauti kama ya kitu kinachoburutwa. Nilimwona anakusanya nguvu za sentensi iliyobaki, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kumzuia. Ningeweza kusema mambo kumi kabla hajamaliza kuivuta ile pumzi.

"Shemeji alitaka nikubali. Sikumsikiliza."

Kuku waliingia, wakatoka. Hatimaye baba mkwe akasema, bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia, "Mwanangu. Ungemwachia huyu aseme. Huyu ndiye anayejua kusema na watu wale."

Shemeji akafumba macho. Mke wangu akanitazama, na mimi nikatazama ile ndara iliyokuwa imesimamishwa ukutani. Mwiko ukaendelea.

Alifariki siku ya tatu, asubuhi, mbuzi wakiwa ndiyo wanatoka. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi aliweza kulazwa chali.

Matanga yalipokwisha tukaenda Bahi, na baba mkwe akaniita mbele ya ukoo. Akaeleza kwamba mkwe wake huyu, ingawa si Mgogo, alimbeba mwanawe kwa daktari mara mbili, akamshauri vizuri, hakumtupa. Akamtoa mtamba mmoja katika wale waliokuwa wakimngoja marehemu, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, akanipa kamba yake. Watu wote walikuwa wananitazama. Kukataa mnyama mbele ya ukoo lazima utoe sababu, na sababu niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Nikaipokea kamba kwa mikono miwili.

Tulirudi nyumbani mchana, mimi mbele na kamba, mke wangu nyuma ya mtamba na fimbo. Tulikwenda mwendo mrefu kabla hajasema.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nikamwambia tumwache mzee kwanza, uchungu umpungue. Hakuniuliza tena, si siku ile wala nyingine, na kwa miaka mingi aliendelea kunipikia, kunizalia, na kunichokoa funza kwa sindano ileile, akitazama vizuri kila doa.

Baba mkwe aliishi mpaka vita vya Wadachi na Waingereza vikapita na njaa yake ikapita. Kila baada ya mavuno nilikwenda Bahi kumwamkia. Kila mara alinishika mkono kwa muda, akanishukuru kwa habari ya mwanawe. Na kila mara nilimjibu kwamba si kitu, baba, mtu hufanya anachoweza.